Usiku Bila Upeo: Ndege Ndogo Juu ya Bahari ya Malindi na Kilifi

Mchana rubani huipima ndege yake kwa mstari mmoja, pale mbingu inapokutana na bahari au na nchi. Mstari huo, upeo wa macho, humwambia bila yeye kuwaza kama bawa moja limelala, kama pua imeinuka, kama ndege inapinda. Usiku usio na mwezi juu ya Bahari Hindi mstari huo haupo. Maji ni meusi na anga ni jeusi, wala hauonekani mshono kati yake. Ndege inaweza kuwa nzima, injini ikinguruma sawasawa na mafuta yakitosha, na bado ikaingia majini katika dakika chache kwa sababu aliyeshika usukani hajui tena juu ni wapi.

Chanzo kimo kichwani mwa rubani. Sikio la ndani lina mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, mifereji hugeuka nacho, lakini majimaji hubaki nyuma kidogo na kulaza vinyweleo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Mtambo huu humtosha mtu anayetembea kwa miguu. Angani una kasoro mbili. Mgeuko wa polepole sana, chini ya takriban nyuzi 2 kwa sekunde, hauyatikisi majimaji vya kutosha, na mtu hahisi kitu. Tena mgeuko ukiendelea kwa mwendo uleule kwa sekunde kumi hadi ishirini, majimaji hushika mwendo wa mifereji, vinyweleo husimama, na ubongo huarifiwa kwamba mzunguko umekwisha. Rubani akiinyoosha ndege wakati huo, majimaji huendelea kwenda na kumwambia kwamba sasa anapinda upande wa pili. Basi hulirudisha bawa pale lilipokuwa limelala, na mwili wake wote huona raha.

Raha hiyo ndiyo hatari. Bawa likiwa limelala, sehemu ya nguvu inayoibeba ndege huenda ubavuni, pua huanza kushuka na kasi hupanda. Rubani husikia upepo ukizidi, huona altimita, yaani kipimo cha kimo, inashuka, naye huvuta usukani ili ainue pua. Kwa kuwa ndege imelala ubavu, kuvuta huko hakumwinui bali hukaza mzunguko. Kasi huzidi, kimo hupotea, naye huvuta zaidi. Marubani wanaozungumza Kiingereza wameupa mzunguko huo jina la makaburi, na hawakutia chumvi. Njia ya pili ya kupotea ni kinyume chake: rubani anayehofia maji huinua pua mno, kasi hupungua, na bawa hukosa hewa ya kulibeba, hali inayoitwa stoli. Kupinda huileta stoli karibu zaidi. Ndege iliyolala nyuzi 60 bila kupoteza kimo hubeba uzito mara mbili ya ule wa kawaida, na huingia katika stoli kwa kasi iliyo juu kwa asilimia 41 kuliko ile ya mwendo ulionyooka. Kwa nyuzi 30 ongezeko hilo ni asilimia 7 tu. Kwa hiyo mpindo wa usiku unapaswa kuwa mdogo.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa geji, yaani kwa kutazama vipimo badala ya nje, wakawapandisha katika ndege aina ya Beechcraft Bonanza na kuwazuia kuona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti: 19 kwa mzunguko wa kushuka, mmoja kwa stoli. Aliyewahi alichukua sekunde 20, aliyechelewa sekunde 480, na wastani ulikuwa sekunde 178. Namba hii ya mwisho hutajwa sana katika shule za urubani, na mara nyingi hutajwa vibaya, kana kwamba kila rubani amekatiwa dakika tatu. Ni wastani wa watu 20, na yule wa sekunde 20 anastahili kukumbukwa zaidi.

Ajali inayofanana kabisa na hali inayozungumziwa hapa ilitokea Marekani. Usiku wa tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa rais aliyeuawa, aliendesha Piper Saratoga ya injini moja kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Alikuwa na saa kama 310 za kuruka, zikiwamo 55 za usiku, wala hakuwa na idhini ya kuruka kwa geji. Hapakuwa na dhoruba, ila utusitusi wa hewa ya kiangazi uliofuta upeo juu ya maji. Wachunguzi walihitimisha kwamba alishindwa kuidhibiti ndege ikishuka juu ya bahari usiku, kwa sababu ya kupotewa na mwelekeo. Wote watatu waliokuwamo walikufa.

Kenya ina mifano yake miwili, ya ndege kubwa zenye marubani wawili na geji za kila aina. Tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways iliruka Abidjan usiku kuelekea baharini. Mara tu baada ya kupaa, king'ora cha stoli kililia bila sababu ya kweli. Rubani alisukuma pua chini, na mbele yake hapakuwa na chochote cha kumwonyesha jinsi maji yalivyokuwa karibu. Kati ya watu 179, 169 walikufa. Tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737 ya kampuni hiyohiyo iliruka Douala baada ya usiku wa manane. Nahodha alitamka amri ya kuwasha otopailoti, lakini haikuwaka na hakuna aliyehakikisha. Ndege ikaanza kulala kuume polepole, chini ya kiwango ambacho sikio hutambua, mpaka king'ora cha mlalo kilipolia. Nahodha aliposhtuka alizungusha usukani upande uliozidisha mlalo. Watu 114 walikufa katika kinamasi cha mikoko, chini ya kilomita 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Ikiwa wataalamu wa ndege za abiria walipotewa hivyo, rubani wa Cessna ya viti vinne hana sababu ya kuliamini sikio lake.

Pwani ya Malindi na Kilifi inadanganya kwa namna yake. Kutoka Malindi hadi Mombasa kwa anga ni kama kilomita 100, na taa ziko kwa mafungu: Malindi mjini, mahoteli ya Watamu, Gede, pande mbili za mkono wa bahari wa Kilifi, kisha Mtwapa na Mombasa. Katikati kuna giza la nchi kavu ambalo wageni wengi hawalitarajii. Msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba zipatazo 420 hauna taa. Mikoko ya Mida haina taa. Mashamba ya mkonge ya Vipingo, usiku, ni meusi kama maji. Kwa hiyo rubani anayedhani kwamba bara ndiyo kinga yake dhidi ya giza la bahari anaweza kujikuta ana giza kushoto na giza kulia, na mkufu mwembamba wa taa za magari chini yake.

Mkufu huo ndio wa kushika. Anayekwenda kusini aiweke barabara kuu ya Malindi hadi Mombasa upande wake wa kushoto, ambako ndiko anakokaa na ambako dirisha lake huona vizuri. Anayerudi kaskazini ana tatizo, kwa kuwa desturi ya marubani ya kuweka barabara au ufuo kushoto itamtupa upande wa bahari. Ni afadhali aombe kwa waongoza ndege kimo chake mwenyewe na ruhusa ya kupita upande wa bara. Kaskazini mwa Malindi hali ni nzito zaidi. Baada ya mdomo wa mto Sabaki, Mambrui na Ngomeni, mstari ulionyooka wa kwenda Manda, Lamu, unapita juu ya Ghuba ya Ungwana, na upande wa bara ni delta ya Tana yenye taa chache mno. Safari hiyo ya kilomita kama 140 humchukua rubani wa ndege ya injini moja dakika arobaini na zaidi. Usiku inafaa kuhesabiwa kuwa safari ya geji tangu mwanzo mpaka mwisho, hata utabiri ukisema anga ni safi.

Mwezi unastahili kuangaliwa kabla ya utabiri wa hali ya hewa, na wavuvi wa pwani wanalijua hilo kuliko marubani. Wavuvi wanaotumia taa kuvuta samaki, kwa karabai zamani na sasa zaidi kwa taa za betri, hutoka siku za giza na hupumzika mbalamwezi inapowaka, kwa sababu mwezi huififisha taa yao. Matokeo yake kwa rubani ni kwamba usiku ule ambao upeo haupo kabisa ndio usiku ambao bahari imejaa nuru ndogondogo. Kutoka futi 3,000 taa za mashua hazina tofauti na nyota. Macho huunganisha nyota za juu na taa za chini kuwa anga moja, upeo huonekana kushuka chini ya mahali pake, na rubani huinamisha pua au bawa kufuata upeo wa uongo. Meli zilizotia nanga nje ya Mombasa zikisubiri zamu, na safu ya taa za ufuo inayokwenda mshazari, hufanya vivyo hivyo: mtu huinyoosha ndege kufuata mstari wa taa ambao haukuwa sawa tangu mwanzo. Kalenda ya mwezi basi iwe sehemu ya maandalizi. Bamvua peke yake haitoshi kuwa kipimo, maana hutokea mwezi mpevu na mwezi mwandamo pia. Kinachotakiwa ni saa ya mwezi kuchomoza, na kama utakuwa juu wakati ndege iko hewani. Mwezi wa siku ya kumi na nane ni mkubwa na mzuri, lakini saa mbili za usiku bado uko chini ya bahari.

Upepo nao una msimu wake. Kusi linapovuma, mawingu ya chini na manyunyu huingia kutoka baharini, mara nyingi usiku mwingi na kuelekea alfajiri. Usiku wingu halionekani likija. Dalili yake ni taa za mbele kufifia, kisha kuzimika moja baada ya nyingine, kana kwamba umeme umekatika mtaa kwa mtaa. Rubani asisubiri kujua kama ni umeme kweli. Ageuke, kwa kutazama geji na si kwa kuchungulia dirishani, kwa mpindo wa nyuzi 15 au pungufu kidogo ya 20. Mgeuko wa kawaida wa nyuzi 3 kwa sekunde humrudisha alikotoka kwa dakika moja.

Jioni za pwani huwaponza wengi kwa sababu ni fupi. Malindi jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, mwezi wa Novemba, na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, katikati ya Februari. Baada ya hapo nuru ya machweo haifiki nusu saa. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 420. Ndege ya mwendo wa kilomita 200 kwa saa huchukua saa mbili na dakika chache hewa ikiwa tulivu. Kusi likiwa usoni kwa kilomita 35 kwa saa, safari hiyohiyo huzidi kidogo saa mbili na nusu. Anayeondoka Wilson saa kumi na robo Ijumaa jioni, baada ya kumsubiri abiria aliyekwama kwenye msongamano wa Lang'ata, ameshaamua kufika jua likizama au usiku, hata kama mwenyewe hajajiambia hivyo. Sehemu kubwa ya njia ni Tsavo, ambako chini hakuna taa ya kumsaidia. Kwa rubani asiye na ujuzi wa geji, saa nane na nusu mchana ni kikomo kinachofaa kuondoka, na kikipita alale Nairobi. Safari ya asubuhi ina faida nyingine: mawingu ya jioni yaliyojijenga juu ya nyanda za bara hayapo.

Abiria wanahusika hapa kuliko wanavyofikiri. Anayekodi ndege ndogo kwenda harusini Watamu au mapumzikoni Kilifi ana haki ya kuuliza maswali mawili: ndege itafika kabla ya jua kuzama, na kama sivyo, je, rubani ana idhini ya kuruka kwa geji na amefanya hivyo mwezi huu? Rubani anayekasirishwa na maswali hayo amejibu. Abiria naye asiyempigia rubani simu kila dakika tano akimwambia yuko njiani amefanya sehemu yake ya usalama.

Leseni ya kawaida ya urubani haimfanyi mtu kuwa rubani wa usiku. Kuruka usiku kwa kuona kunategemea masharti ya mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA nchini Kenya, na rubani ahakikishe kwamba safari yake, si leseni yake tu, inaruhusiwa. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni kwamba anayebeba abiria usiku awe amepaa na kutua usiku mara tatu ndani ya siku 90. Kwa pwani hii hesabu hiyo ni ndogo mno. Kutua mara tatu kwenye uwanja uliozungukwa na mji wenye taa hakumfundishi mtu lolote kuhusu dakika arobaini za Ungwana. Mazoezi yanayosaidia ni yale ya kuvaa kofia inayoziba nje, mwalimu akiwa pembeni, na mwalimu huyo kuilaza ndege ovyo wakati mwanafunzi amefumba macho, kisha kumwambia afumbue na kuirudisha kwa geji peke yake. Anayeyafanya mara ya kwanza hushangaa jinsi mwili wake unavyobishana na kioo kilicho mbele yake.

Neno rubani lenyewe lilitoka baharini. Rubani ni yule aliyejua njia ya chombo, kama yule aliyetolewa Malindi mwaka 1498 kumfikisha Vasco da Gama Calicut. Tofauti ni kwamba chombo cha bahari kikipotewa hubaki juu ya maji mpaka alfajiri. Rubani wa ndege hana alfajiri ya kusubiri, na macho yake yanapaswa kuzunguka bila kukoma: upeo bandia, altimita, kurudi upeo bandia, dira, kurudi, kipimo cha kasi, kurudi. Upeo bandia, geji inayochora upeo ambao macho hayauoni, ndio nyumbani, geji nyingine ni safari fupi za kutoka na kurejea. Kosa la kawaida ni kuduwaa kwenye geji moja, hasa altimita, huku bawa likilala polepole. Kama ndege ina otopailoti, itumike, na kila inapowashwa rubani aangalie taa yake na kuitamka kwa sauti hata akiwa peke yake. Kilichotokea Douala kilianza kwa kudhani.

Nyakati mbili zina hatari kuliko nyingine. Ya kwanza ni kupaa. Ndege inapoongeza mwendo, mwili husukumwa nyuma kwenye kiti, na sikio hutafsiri msukumo huo kuwa pua imeinuka sana. Taa za mwisho wa njia zikipita chini na giza kufunga mbele, rubani hushawishika kusukuma pua chini, karibu na ardhi. Airbus A320 ya Gulf Air iliingia baharini Bahrain tarehe 23 Agosti 2000, na watu 143 kufa, rubani alipoacha kutua, akaongeza nguvu ya injini na kuelekea kwenye giza la Ghuba huku pua akiishusha. Kwa hiyo kabla ya kuachia breki masafa ya redio yawe yamepangwa, ramani iwe imefunguliwa, na taa za ndani ziwe zimefifishwa. Magurudumu yakiacha lami, macho yaende kwenye geji papo hapo, pua ikae pale upeo bandia unapoonyesha kupanda, na ndege iende moja kwa moja hadi futi 1,000 juu ya ardhi kabla ya kupinda kokote. Kuinamisha kichwa kuokota kalamu au simu wakati ndege inapinda huyakoroga majimaji ya mifereji yote mitatu kwa pamoja. Kalamu ibaki sakafuni.

Ya pili ni kutua kutoka upande wa giza. Uwanja wenye taa uliozungukwa na weusi, iwe ni bahari au vichaka, huonekana kama kisima chenye taa kinywani, na macho humfanya rubani adhani yuko juu kuliko alivyo. Hushuka mapema, na hugusa maji au miti kabla ya njia. Dawa yake ni hesabu: mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 ni karibu futi 300 kwa kila maili ya bahari iliyobaki, yaani futi 900 zikibaki maili tatu. Mahali penye taa za PAPI, zinazoonyesha mteremko kando ya njia, nyeupe mbili na nyekundu mbili ndizo za kufuata, na nyekundu nne ni amri ya kuacha kushuka mara moja. Marubani wa shirika la Yemenia walipoteza Airbus A310 usiku wa tarehe 30 Juni 2009 wakizunguka kutua Moroni, Komoro, juu ya bahari: ndege iliingia katika stoli, na kati ya watu 153 alinusurika msichana mmoja. Kuzunguka usiku juu ya maji, kwa kimo cha chini na mpindo mkali, ni jambo la kuepukwa kabisa kwa ndege ndogo. Kama taa za uwanja uliokusudiwa haziwaki, au hakuna aliyethibitisha kwa simu kabla ya safari kwamba zitawaka, njia ndefu ya Mombasa yenye mitambo ya kuongoza ndege kutua ndiyo mbadala, na mafuta yake yawe yamehesabiwa tangu Wilson.

Mambo yakiharibika, mpangilio wa kuyarekebisha una uzito kuliko nguvu ya mikono. Kasi ikipanda na altimita ikishuka haraka, ni mzunguko wa kushuka. Nguvu ya injini ipunguzwe kwanza, kisha mabawa yasawazishwe kwa upeo bandia, na hapo tu pua iinuliwe, polepole. Anayevuta kabla ya kusawazisha anaukaza mzunguko, na kwa kasi hiyo anaweza kuvunja mabawa. Kasi ikiwa chini na king'ora cha stoli kikilia, kinyume chake: pua ishushwe kidogo, nguvu iongezwe, mabawa yasawazishwe. Katika hali zote mbili mwili utapiga kelele kwamba geji zimeharibika. Ulinganisho wa haraka wa geji mbili au tatu humaliza ubishi. Altimita, kipimo cha kasi na geji ya mpindo zikisema jambo moja, ndilo kweli.

Geji huharibika kweli, lakini mara chache. Katika Cessna nyingi za zamani upeo bandia na dira ya jiroskopu huendeshwa na pampu ya kufyonza hewa, wakati geji ya mpindo huendeshwa kwa umeme, makusudi ili zisife pamoja. Pampu ikifa, upeo bandia hauzimiki. Hulala taratibu na kumvuta rubani alale nao. Kipimo cha pampu hiyo kiangaliwe kabla ya kupaa na kila baada ya dakika chache hewani. Geji iliyokufa ifunikwe kwa karatasi, maana jicho lililozoea litairudia hata likijua inadanganya.

Macho ya giza huhitaji kama nusu saa kuzoea, na mwanga mmoja wa simu huyarudisha nyuma. Kuvuta sigara na kuruka juu sana hupunguza uwezo wao pia. Juu ya futi 5,000 uhaba wa oksijeni huanza kuonekana usiku machoni kabla ya mahali pengine popote.

Injini ikisimama, kimo ndicho akiba. Ndege kama Cessna 172 huteleza karibu maili moja na nusu ya bahari kwa kila futi 1,000, kwa hiyo futi 5,000 hutoa maili saba hivi, na anayepita ng'ambo ya umbali huo kutoka ufuoni amejinyima nchi kavu. Kasi ya kuteleza ishikwe kwa geji hadi mwisho, kwa sababu wengi hupoteza udhibiti wakichungulia maji wasiyoweza kuyaona. Wito wa dharura hutolewa kwenye masafa yaliyokuwa yakitumika au 121.5. Jaketi okozi zivaliwe kabla ya kupaa, si kuwekwa chini ya kiti, na zisijazwe hewa ndani ya ndege, kwani aliyevimba hupanda darini na kushindwa kupita mlangoni. Milango ifunguliwe kidogo kabla ya kugusa maji. Ndani ya mwamba wa matumbawe bahari imetulia kuliko nje, ila maji yakiwa yametoka, pengi kina chake hakifiki kiunoni na mwamba wenyewe ni mkali. Tochi isiyoingia maji na filimbi zifungwe kwenye jaketi, kwa kuwa usiku wa giza mashua za uvuvi huwa ziko nje na huenda zikawa za kwanza kufika, na kichwa cha mtu majini hakionekani kutoka mashuani hata kwa hatua ishirini.